Geuza koti kwanza uangalie ndani

Kamwene! Kamwene tena, maana wa huku nyuma sijawasikia. Shikamooni wazee wangu mliokaa mbele, walimu shikamooni, na nyie wadogo zangu wa darasa la ushonaji, mambo vipi. Nimeambiwa niongee kuhusu makoti na nimefurahi mno kwa sababu hii ndiyo kazi yangu, nina mwaka wa 18 sasa nauza makoti ya mtumba hapa Njombe na kuyashona upya, na Njombe wote tunaijua, mwezi wa sita na wa saba ukitoka nje alfajiri pumzi yako unaiona kama moshi, vidole havikunji, na kule Makete ndio usiseme, kuna asubuhi unakuta majani meupe kwa barafu. Kwa hiyo huku kwetu koti ni kama sufuria tu, hakuna nyumba inayoweza kukaa bila hicho kitu.

Nimekuja na vitu vitatu kwenye hili begi, nitavitoa kimoja kimoja, na kila nikitoa naomba mpitishiane, mguse, mnuse, mvute, kitambaa hakisomwi kwa macho peke yake.

Cha kwanza ni hili hapa. Trenchi koti. Mmeliona kwenye filamu, mpelelezi kasimama kwenye mvua kanyanyua kola. Hili nililitoa kwenye belo mwaka jana mwezi wa tano, rangi ya mchanga, mkanda wake upo, vifungo vyote vipo. Nimelitundika tu dukani akaja kijana wa bodaboda, akaniambia dada hebu nishushie nijaribu, nikamshushia, akalivaa nyuma mbele. Yaani mikono kaingiza kwa mbele, mgongo wa koti uko kifuani kwake, vifungo viko mgongoni, halafu akanigeukia akasema nifungie. Sasa hilo sio jambo geni, mnaliona kila siku stendi, bodaboda wa Njombe, wa Mbeya, wa Arusha, mpaka Nairobi huko, wote asubuhi wanavaa makoti nyuma mbele, na wala hawachagui koti la kiume wala la kike, hata lenye manyoya wanavaa, mradi limeziba kifua. Lakini siku ile nikiwa namfungia vifungo mgongoni nikapata wazo ambalo halijanitoka mpaka leo. Nikawaza, huyu kijana ana sababu. Na aliyelishona hili koti naye alikuwa na sababu, kila kitu alichoweka hapa mbele alikiweka kwa ajili ya mtu fulani. Sasa huyo mtu alikuwa nani? Maana ni wazi kabisa hakuwa huyu kijana.

Hicho ndicho nilichokuja kusema leo. Kila koti lina mwenyewe wake wa kwanza, mtu mmoja mwenye baridi yake na kazi yake, na ukijua kuligeuza ukaangalia ndani utamkuta.

Haya, tuanze na hili. Tazameni hapa begani, kuna hiki kipande kimelala juu kimefungwa na kifungo, hiki ni cha cheo, afisa wa jeshi anabandika alama zake hapa. Hiki kipande kingine cha ziada upande mmoja wa kifua kinashuka kama kigae cha paa, kazi yake mvua ikikupiga maji yaruke juu ya uwazi yasiingie ndani. Mgongoni kuna kingine kama hicho, maji yanatiririka yanadondokea mbali. Hapa nyuma chini kuna mkunjo mrefu unafunguka ili mtu aweze kupanda farasi au kupiga hatua ndefu. Na hivi vipete vya chuma kwenye mkanda, watu wengi watakuambia ni vya kutundikia mabomu, hapana, vilikuwa vya kutundikia vifaa, mfano mkoba wa ramani. Yaani hili koti limeandikwa vita kila mahali. Na jina lenyewe ndio hilo, koti la mahandaki, mahandaki ya vita ya kwanza ya dunia, 1914 mpaka 1918.

Kitambaa chake kinaitwa gabadini. Kuna fundi na mfanyabiashara Mwingereza, Thomas Burberry, alifungua duka mji wa Basingstoke mwaka 1856 akiwa kijana wa miaka 21, na mwaka 1879 akabuni hiki kitambaa. Ujanja wake upo kwenye uzi. Badala ya kusubiri kitambaa kiishe halafu ukipake dawa ya kuzuia maji, yeye uzi unawekwa dawa kabla ya kufumwa, halafu unafumwa kwa kubana sana, kwa hiyo maji ya mvua yanateleza lakini jasho la mtu linapata pa kutokea. Shikeni hapa, pitisheni kucha, mnasikia vile vimistari vya mshazari? Ndio huo ufumaji wenyewe. Kampuni nyingine ya Uingereza, Aquascutum, nayo ilikuwa kwenye biashara hiyo hiyo ya makoti ya maafisa, jina lake ni Kilatini, maana yake ngao ya maji, nimelipenda sana hilo jina.

Lakini sikilizeni sasa, hapa ndipo roho yangu huwa inauma. Trenchi lilikuwa la maafisa. Afisa wa Kiingereza alikuwa anajinunulia nguo zake mwenyewe, askari wa kawaida alipewa kabuti. Kabuti la sufu zito, nene, refu mpaka kwenye mashavu ya miguu, likiwa kavu linapasha joto vizuri tu lakini kwenye handaki lenye maji na tope lilikuwa linanyonya kama sponji, upindo unakuwa mzito kama umebeba jiwe, kiasi kwamba askari wengine walikuwa wanachukua kisu wanakata upindo wa chini wenyewe ili waweze kutembea. Mtu anakata nguo ya serikali akijua anaweza kuadhibiwa, kwa sababu fundi aliyeishona hakumfikiria yeye akiwa kwenye tope.

Na vita ile haikuwa ya Ulaya peke yake, ilifika mpaka hapa tulipokaa. Mwezi wa kumi mwaka 1918 jeshi la Wajerumani chini ya Lettow-Vorbeck lilipita hapa hapa Ubena likitokea kusini, likaacha wagonjwa wake huku, likaenda mpaka Rhodesia ya Kaskazini, na likasalimisha silaha Abercorn tarehe 25 Novemba, mji ambao leo ni Mbala, Zambia, wakati Ulaya vita ilishaisha wiki mbili nyuma. Na nyuma ya kila jeshi, la Mjerumani na la Mwingereza, walikuwepo wapagazi. Babu zetu. Walibeba risasi, unga, machela za wagonjwa, kwa miguu, kutoka joto la pwani mpaka baridi ya milimani, na walikufa makumi ya maelfu, wengi sio kwa risasi ila kwa magonjwa na njaa na uchovu. Kambi ya wapagazi wa Mwingereza pale Dar es Salaam ndiyo iliyoacha jina la Kariakoo, na Nairobi ndiyo hiyo Kariokor. Mimi kila nikishuka Dar kufuata mzigo, nikipita Kariakoo na nikiona trenchi limetundikwa kwenye kamba, huwa nasimama kidogo. Afisa alibuniwa koti na vipete vyake vya ramani. Mpagazi aliyebeba mizigo ya vita hiyo hiyo hakuna fundi aliyekaa chini akamchorea kitu. Naomba hilo mlishike, tutalirudia.

Sasa tuzungumze maji, maana kwa fundi maji ndio mtihani mkubwa kuliko baridi.

Kabla ya gabadini kulikuwa na koti la mpira. Charles Macintosh wa Glasgow, Scotland, mwaka 1823 alipata hati ya ubunifu ya kitambaa cha matabaka mawili chenye mpira katikati, ule mpira ameuyeyusha kwa nafta, mafuta yanayotokana na lami ya makaa ya mawe, mabaki ya viwanda vya gesi ambayo watu walikuwa hawajui wayapeleke wapi. Wazo zuri kabisa. (Na kwa haki tuseme, wenyeji wa Amerika ya Kusini walikuwa wanapaka utomvu wa mpira kwenye nguo zao zisipitishe maji miaka mingi kabla Mzungu hajauona huo mti, ila hati hawakuandikiwa wao.) Shida ikaja ukipeleka kile kitambaa kwa fundi cherehani. Fundi anashona, na kushona ni nini? Ni kutoboa. Kila sindano ikipita inaacha tundu, na kila tundu linaingiza maji. Unakuwa na kitambaa kisichopitisha tone hata moja halafu mabegani na makwapani unalowa kama hukuvaa kitu. Juu ya hapo ukikaa juani mpira unakuwa unanata, kwenye baridi unakakamaa kama ubao, na harufu yake watu walilalamika sana. Mpaka ilipopatikana njia ya kupika mpira na salfa, Hancock kule Uingereza na Goodyear Marekani, hapo miaka ya 1843 na 1844, ndio mambo ya kunata na kukakamaa yakapungua. Lakini matundu ya sindano yalibaki kuwa matundu ya sindano.

Na je, kuna mtu duniani aliweza kushona mshono usiovuja? Yupo. Na aliweza zamani sana, bila kiwanda, bila cherehani, bila hata pamba. Naomba tukae hapa muda mrefu kidogo maana hawa kinamama nawaheshimu kuliko mafundi wote niliowahi kuwasoma.

Ni kinamama wa Inuit, watu wa kaskazini kabisa mwa dunia, Kanada, Greenland, Alaska. Kule baridi sio hii yetu ya kuwasha jiko la mkaa, kule nguo ikikosewa mshono mtu anakufa, na mwindaji anayetoka asubuhi maisha yake yako kwenye sindano ya mkewe au mama yake. Wanatumia ngozi ya mnyama anaitwa karibu, ni kama swala mkubwa mwenye mapembe, na unywele wa karibu una uwazi ndani kama mrija, ile hewa iliyofungiwa mle ndio inayozuia baridi. Wanawinda mwisho wa kiangazi wakati manyoya yana urefu unaofaa. Ngozi inakwanguliwa, inalainishwa, kuna hatua walikuwa wanaitafuna kwa meno ili iwe laini. Vipimo hawaandiki, mama anakuangalia, anakupima kwa kiganja na kwa macho, anakata kwa kisu chao cha umbo la nusu mwezi kinaitwa ulu. Halafu makoti wanavaa mawili, la ndani manyoya yanaelekea mwilini, la nje manyoya yanaelekea nje, katikati hewa. Kofia imeungana na koti, na ukingo wa kofia pale usoni wanaweka manyoya ya mnyama fulani anaitwa wolverini, kwa sababu pumzi ikiganda pale ile barafu unaipangusa tu inatoka, haigandi kama kwenye manyoya mengine. Hebu fikirieni ni watu wangapi walijaribu manyoya ya wanyama wangapi mpaka wakajua hilo.

Sasa mshono. Uzi wao ni kano, ile mishipa myeupe ya mgongoni mwa mnyama, wanaikausha na kuichana nyuzi nyuzi. Kano ikiloa inavimba. Kwa hiyo tundu la sindano likipata maji, uzi wenyewe unalijaza. Halafu kwenye nguo na viatu vya maji wanashona mistari miwili, na sindano haivuki ngozi zote mbili kwa pamoja, inaingia nusu ya unene wa ngozi moja inatokea upande ule ule, kwa hiyo hakuna tundu hata moja linalotoka nje mpaka ndani. Hebu jaribuni leo jioni na vipande viwili vya ngozi ya mbuzi, muone ugumu wake. Ule mtihani uliomshinda fundi wa Glasgow, mama wa Inuit alishaumaliza. Na walikuwa na koti jingine la mtumbwini, la utumbo wa sili, mnyama wa baharini, utumbo unaoshwa, unapulizwa kama puto, unakaushwa, unapasuliwa kuwa utepe, halafu tepe zinaunganishwa pembeni kwa pembeni mpaka inakuwa koti jepesi linalong'aa kama nailoni, upindo wake unafungwa kwenye mdomo wa mtumbwi ili bahari isiingie. Neno anoraki limetoka kwao, Greenland.

Lakini linalonitoa machozi ni koti la mama mwenye mtoto. Linaitwa amauti. Mgongoni lina nafasi kubwa, kama mfuko, mtoto anakaa mle ndani akiwa amegusana na mgongo wa mama yake, chini kuna mkanda unafungwa kiunoni asiteleze, na kofia ni kubwa ili iwafunike wote wawili. Mabega wameyakata mapana kupita kiasi, ukiliona limetundikwa utasema fundi kakosea, kumbe ule upana ni ili mama aweze kumzungusha mtoto kutoka mgongoni mpaka kifuani akamnyonyesha humo humo ndani bila baridi kumgusa. Wadogo zangu, hiyo ni mbeleko. Ni mbeleko iliyoshonewa ndani ya koti. Mama wa Kibena anayembeba mtoto kwa kitenge halafu juu anatupia blanketi, akikutana na yule wa Inuit hawatahitaji mkalimani.

Wazungu waliowasikiliza hawa watu walifaidika. Roald Amundsen wa Norway alikaa majira mawili ya baridi kwa Inuit wa Netsilik, 1903 mpaka 1905, akajifunza kwao mavazi na mbwa wa kukokota sleji, na tarehe 14 Desemba 1911 akawa wa kwanza kufika Ncha ya Kusini. Siwezi kusema ilikuwa koti tu, kulikuwa na mbwa, chakula, mipango, na gabadini ya Burberry nayo alikuwa nayo. Lakini alikubali kufundishwa. Na ndiyo maana mwaka 2015, kampuni moja ya mitindo ya London ilipotoa nguo yenye michoro iliyonakiliwa kutoka koti la mganga wa Kiinuit bila kuwauliza wenyewe, familia ya yule mganga ilipaza sauti mpaka kampuni ikaomba radhi na kuiondoa sokoni. Walikuwa na haki kabisa. Nasema hivi kwa sababu na nyie mtanakili, kazi yetu ni kunakili sana, basi taja umejifunza kwa nani.

Haya, najua kuna mtu anawaza, mbona hata sehemu za joto watu wanavaa makoti? Swali zuri, na jibu lake ni kwamba baridi sio sababu pekee. Nenda Unguja siku ya Idi, mwanaume kavaa kanzu, kofia, na juu kapiga koti, jua linawaka. Nenda Buganda kwenye kwanjula, sherehe yao ya utambulisho wa wachumba, hivyo hivyo, kanzu yenye ile nakshi nyekundu kifuani na koti juu yake. Nenda harusi ya pwani umuone bwana harusi na joho, limefunguka mbele, mikono mipana, pindo la dhahabu, na jambia kiunoni. Pale koti linasema leo ni siku kubwa na mimi nimekuja rasmi. Na neno joho hilo hilo ndilo mtakalovaa hapa mkihitimu, ingawa hilo la mahafali ukoo wake ni mwingine, linatoka kwa makasisi na wanazuoni wa Ulaya ya zamani waliokuwa wanasoma kwenye majengo ya mawe yasiyo na joto. Moja lilianza kwa heshima, jingine lilianza kwa baridi likaishia kwenye heshima, na Kiswahili kimeyapa jina moja.

Kuna moja la Hungaria lazima niwaambie, linaitwa szűr. Koti la wachungaji, sufu nzito, linatupiwa mabegani tu, mikono haivaliwi, mara nyingi imeshonwa chini ikawa mifuko ya kuwekea tumbaku na vitu vidogo. Kijana akitaka kuposa alikuwa anakwenda kwa kina binti, akiondoka anajifanya amelisahau koti lake. Asubuhi akikuta koti limetundikwa nje barazani ajue hakukubaliwa. Likiwa bado ndani, atume watu. Mpaka leo Mhungaria akitaka kusema mtu kafukuzwa anasema szűr yake imetolewa nje. Naona hiyo ina ustaarabu mkubwa, hakuna aliyeaibishwa mbele za watu, koti limebeba jibu.

Siasa nayo imo. Mobutu kule Zaire miaka ya 1970 alikataza suti na tai, watu wakavaa abakosti, jina limetokana na maneno ya Kifaransa ya kusema suti ikomeshwe. Kwetu Kaunda suti wazee wetu hawa waliozaa nchi wameivaa sana, na naiona bado mbele hapa kwa mzee wangu, imekaa vizuri sana mzee. Kenya mwaka 2023 Spika wa Bunge la Taifa aliipiga marufuku bungeni, suti iliyopewa jina la rais wa kwanza wa Zambia ikaambiwa sio rasmi kwenye bunge la Afrika wakati koti na tai ya Mwingereza ni rasmi. Hilo silikubali na sitalikubali.

Basi, kitu cha pili kutoka kwenye begi. Hili kabuti. Pokea, tumia mikono miwili. Hili ni la mlinzi mmoja wa mtaani kwetu, ameniachia nimbadilishie bitana, kaniruhusu nije nalo. Geuzeni muone ndani. Bitana ilichanika hapa mgongoni tu, kwingine nzima, kwa sababu anakaa ameegemea ukuta usiku kucha. Mfuko wa kulia umetoboka, wa kushoto haujaguswa, tochi inakaa kulia. Na hapa kwenye kola kuna doa linalong'aa, ni mafuta ya kichwa na jasho, anainua kola mpaka masikioni. Mimi sijawahi kukaa lindo lakini kwa kuligeuza hili koti naweza kumshonea mlinzi koti lake, mgongo mara mbili, mfuko wa tochi wa ngozi, kola inayofika masikioni bila kuinuliwa. Halipo sokoni. Mimi naona aibu kwamba halipo, kwa sababu walinzi tunao kila geti na mafundi tupo kila kona.

Na hapo ndipo narudi kwa yule wa bodaboda. Lile trenchi sikumuuzia. Nilimwambia nipe wiki mbili. Nikakaa naye, nikamuuliza baridi inakuingia wapi kwanza. Akasema kifuani, pale zipu inapopita, upepo unapenya kwenye meno ya zipu kama maji kwenye chujio. Halafu viganja. Halafu magoti. Mgongo, akasema mgongo hauna shida kabisa, mara nyingi abiria amekaa pale ananipasha joto. Yaani koti zima duniani limefunguka mahali ambapo yeye anahitaji lizibe, na limeziba mahali ambapo yeye hahitaji kitu. Ndio maana analigeuza. Mimi namuona sawa na wale askari waliokata upindo kwa kisu, na wale kinamama waliojaribu manyoya mpaka wakapata ya wolverini, tofauti yake ni kwamba hajakutana na fundi wa kumalizia.

Hiki cha tatu ndicho nilichomshonea. Shikilia huku, na wewe huku, mlitandaze watu waone. Nimeshafika la nne hili, matatu ya kwanza yana kasoro na nimeyaweka dukani mje muyaone. Kifua ni kipande kimoja, hakuna zipu, hakuna kifungo, ndani nimeweka blanketi la sufu na juu kitambaa cha koti la mvua lililochanika. Linafungukia ubavuni, upande wa kushoto, kutoka kwapani mpaka kwenye nyonga, ili avae mwenyewe bila kuomba mtu amfungie. Mikono nimeirefusha ifike katikati ya vidole na nimeikata ikiwa imekunjwa, kwa sababu yeye hasimami kama sanamu ya dirishani, amekaa ameshika usukani, na ukimpimia akiwa amesimama ukija kwenye pikipiki mikono inapanda mpaka kwenye kiwiko. Hilo lilinigharimu koti zima kulijua. Mgongoni kuna kitambaa chepesi tu. Na hapa chini nimeweka kipande cha kufunika magoti, kinafungwa kwa kamba.

Anasema upepo hauingii tena kifuani. Ameshalivaa miezi minne, wenzake sita wameweka oda.

Lakini mvua inamshinda. Angalieni shingoni, hapa, kwa sababu mbele hapafunguki nimelazimika kuacha shingo pana apitishe kichwa na kofia ngumu, na akienda kasi maji yanampiga kidevuni yanateremka humo ndani mpaka tumboni. Nimejaribu kola ya kuvuta kwa kamba, akasema inamkaba akigeuza shingo kuangalia gari nyuma, na mtu wa barabarani lazima ageuze shingo, hapo hakuna mjadala. Nimejaribu kile kigae cha trenchi, kinapepea kinampiga usoni. Nimejaribu mpira, jasho. Na mshono wa ubavuni nao unavuja kidogo, nafikiria ule wa kutopitisha sindano mpaka upande wa pili lakini kwa cherehani sijui kuufanya bado, kwa mkono unachukua siku nzima.

Mwalimu wenu amenikubalia koti libaki hapa mpaka Ijumaa ya wiki ijayo. Kufumua ruksa, kukata ruksa, bitana yake nimeishikiza kwa uzi mrefu tu ili iwe rahisi kufungua. Yule kijana mwenyewe yuko pale nje kwenye pikipiki yake, amekubali apimwe, nimemwambia mtamkuta amekaa, mumpime akiwa amekaa. Nani ana futi kamba?